“Ipo mtandaoni, basi ni mpya”: tunayoyaamini kuhusu kanzidata za mimea, na ukweli wake

Kijana mmoja anayesomea misitu alinijia na ripoti yake ya mazoezi ya vitendo. Alikuwa ameorodhesha migunga aliyoikuta porini kwa jina la Acacia tortilis, na msimamizi wake akalizungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni: “Jina la zamani.” Kijana alikuwa ameumia. “Mwalimu, nimelitoa mtandaoni. Na pale chini wameandika imesasishwa 2021.” Nikaifungua hiyo orodha. Kilichosasishwa 2021 kilikuwa nembo ya taasisi na rangi ya vichwa. Orodha yenyewe ni ileile iliyopigwa chapa miaka mingi nyuma, ikaskaniwa, ikapandishwa.

Kazi yangu ya kila siku ni kulinganisha majina ya mimea ya Afrika Mashariki, yale yaliyo kwenye sampuli kavu kabatini na yale yaliyo kwenye kanzidata, na dhana iliyomponza huyu kijana nakutana nayo kila wiki. Watu wanaona kitu kikiwa mtandaoni kinajihuisha chenyewe, kama saa ya simu inavyojirekebisha. Sivyo. Ukurasa wa mtandaoni usipoguswa na mtu huzeeka kama kitabu, na ubaya wake ni kwamba kitabu kizee unakijua kwa karatasi kugeuka njano. Ukurasa hauonyeshi umri.

Kwa hiyo cha kuuliza ni tarehe ya nini. Mfano ninaoupenda hautoki hata kwenye mimea, ni ensaiklopidia ya falsafa ya Chuo Kikuu cha Stanford, iliyoanza mtandaoni mwaka 1995. Juu ya kila makala iliyokwisha kupitiwa upya kuna tarehe mbili: lini ilichapishwa kwa mara ya kwanza, na lini ilifanyiwa marekebisho ya maana. Kusahihisha herufi iliyoruka hakukupi haki ya kubadilisha tarehe ya pili. Mwandishi anatarajiwa kuirudia makala yake kila baada ya miaka michache, na akishindwa, kazi inaweza kupewa mtu mwingine. Msomaji anajua mara moja anashika kitu cha umri gani. Laiti orodha zetu zote zingefanya hivyo tu, nusu ya matatizo ninayoyaona yangekwisha.

Dhana nyingine, na hii hata wafadhili wanayo, ni kwamba kusasisha maana yake ni kuongeza vipya. Spishi mpya imegunduliwa, iingizwe, kazi imekwisha. Ni kweli vipya vinakuja kwa wingi: duniani huelezwa spishi mpya za mimea zipatazo 2,000 kila mwaka, na milima yetu ya Tao la Mashariki haijaacha kutoa. Mwaka 2019 watafiti na wajuzi wenyeji wa mimea walikutana na mti mrefu ajabu katika misitu ya Udzungwa. Jina lake rasmi, Tessmannia princeps, lilichapishwa 2025. Watu huuliza kwa nini kanzidata “zimechelewa” kuuweka. Hazikuchelewa. Mpaka maelezo yachapishwe kwa kufuata kanuni za kuipa mimea majina, na sampuli mama itajwe na mahali ilipohifadhiwa, hakuna jina la kuingiza.

Lakini kuongeza ndiyo sehemu nyepesi. Kizito ni kurudi kwenye kile kilichokwisha kuandikwa. Chukua kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, ile ya kueleza mimea yote inayoota yenyewe Uganda, Kenya na Tanzania. Sehemu zake za kwanza zilitoka mwaka 1952, za mwisho 2012. Miaka 60, na spishi zaidi ya 12,000. Ilipokamilika watu walishangilia, na walistahili. Ila hesabu mwenyewe: siku sehemu ya mwisho inatoka, sehemu za kwanza zilikuwa na umri wa mtu anayestaafu. Zinasema Tanganyika, na misitu inayotajwa mingine imekwisha kuwa mashamba. Maelezo hayo leo yanasomwa bure kwenye kanzidata ya mimea ya dunia iliyofunguliwa 2017 na bustani ya Kew, London, na kila jina lililomo inabidi liulizwe upya: bado linakubalika?

Niwaonyeshe mmoja kwa karibu, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kwenye Usambara Mashariki, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu pande za Amani, kuna mmea mdogo wa majani yenye manyoya na maua ya zambarau. Ni ndugu wa lile ua la chungu linalouzwa kwenye maduka ya Ulaya na Marekani. Sampuli yake ninayoijua mimi imebandikwa kwenye karatasi ngumu, majani yamekuwa kahawia, ua moja limehifadhiwa ndani ya kibahasha. Kona ya chini kulia kuna lebo ya mkusanyaji: Saintpaulia grotei. Juu yake kidogo kuna kikaratasi cha baadaye: Saintpaulia ionantha subsp. grotei (subsp. ni kifupi cha nususpishi), kwa sababu mwaka 2006 spishi nyingi za kundi lile zilionekana kuwa sura mbalimbali za spishi moja, zikaunganishwa. Kisha kikaratasi cha tatu: Streptocarpus ionanthus subsp. grotei, kwa sababu uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba Saintpaulia yote imechipuka ndani ya jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Streptocarpus, na mwaka 2015 ikahamishiwa huko. Mmea ni ule ule, haujasogea hata hatua.

Tazama mwisho wa maneno. Ionantha limekuwa ionanthus. Kilatini nacho kina upatanisho, kama sisi tunavyosema mti mrefu lakini nyumba ndefu. Jenasi ikibadilika “ngeli”, sifa inayofuata inabadilika nayo. Hapa ndipo wanapokwama wale wanaosema siku hizi kompyuta itafanya yote. Nimeona orodha ambayo mtu aliamuru programu ibadilishe kila “Saintpaulia” kuwa “Streptocarpus”. Ikatii. Ikazalisha “Streptocarpus ionantha”, jina ambalo kwa kanuni ni kosa, na likanakiliwa kwenye orodha nyingine mbili kabla mtu hajaliona. Kompyuta ni msaidizi mzuri mno, sitaki kuirudia enzi ya kadi. Inakuta herufi zilizokosewa, inaunganisha rekodi, inaonyesha viungo vilivyokufa. Ila kuamua kwamba kikundi hiki cha sampuli ni spishi ipi kunahitaji mtu aliyezitazama.

Na vile vikaratasi vitatu, mbona kile cha kwanza hakikung’olewa? Wanafunzi wangu wote huuliza. Wanaamini jina la zamani ni uchafu unaopaswa kufutwa, kwamba kanzidata safi ni ile yenye jina moja tu kwa kila mmea. Katika hebaria, ghala la sampuli kavu za mimea, ni mwiko kung’oa kikaratasi cha mtu aliyekutangulia, hata kama alikosea wazi. Unabandika chako kando, unaandika jina lako na mwaka. Anayekuja baada yako aone nani alidhani nini, na lini. Kanzidata nzuri hufanya vivyo hivyo: jina linalokubalika liko juu, visawe vyake vyote viko chini, kila kimoja na nani alikitoa na wapi. Orodha ya dunia ya mimea yenye mishipa ina majina zaidi ya milioni 1.3 kwa spishi zipatazo 350,000. Wingi huo unaweza kuonekana fujo, lakini ndio kumbukumbu yenyewe.

Ukiifuta, madhara yake si ya kitabuni. Kuna mti wa milimani kwetu, unakutwa Kilimanjaro na Mlima Kenya na mpaka mashariki mwa Kongo, ambao gome lake husafirishwa nje kutengenezea dawa ya tezi dume. Jina lake la sasa ni Prunus africana, lakini wafanyabiashara na vifungashio vya dawa bado vinauita Pygeum, kwa jina la zamani. Biashara yake ya kimataifa imekuwa ikidhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1995. Sasa mweke afisa bandarini mwenye karatasi iliyoandikwa Pygeum africanum na orodha ya kielektroniki ambayo “imesafishwa” majina ya kale. Anatafuta, hakuna. Mzigo unapita. Au mtafiti anatafuta Prunus africana peke yake na kukosa maandishi yote ya kabla ya miaka ya 1960. Kisawe kimoja kikifutwa, mlango unafungwa pande zote mbili.

Wapo wanaoona mabadiliko haya yote na kukata shauri kwamba wataalamu wanajibadilishia tu, kila mtu na lake. Manung’uniko haya nayaheshimu, hasa kuhusu mgunga. Jina Acacia lilianzia kwenye mti wa Afrika. Vinasaba vilipoonyesha kwamba kundi lile ni jenasi kadhaa, swali likawa nani abaki na jina. Australia ina spishi karibu 1,000 za kundi lake, nyingi kuliko za kwetu, na mkutano wa wanabotania wa Vienna, 2005, ukaamua jina liende huko ili majina machache zaidi yabadilike. Uamuzi huo ukabishaniwa sana, ukathibitishwa Melbourne 2011. Ya kwetu yakawa Vachellia na Senegalia. Binafsi naona tulipoteza kitu, na wenzangu wengi wa Nairobi na Dar es Salaam mdomoni bado wanasema Acacia. Lakini hakuna aliyeamka asubuhi akabadilisha. Kulikuwa na hoja, kura, na kumbukumbu zilizochapishwa. Madrid, Julai 2024, wajumbe walipiga kura tena: majina zaidi ya 200 yenye neno caffra, linalotokana na tusi la kibaguzi la Afrika Kusini, yaandikwe affra. Hata kayaba, ule mmea wa miiba unaopandwa kuwa ua wa shamba Kenya, umeguswa. Ulikuwa Dovyalis caffra. Kazi ya namna hiyo mpe kompyuta kwa moyo mweupe, maana ni herufi moja inayotoka na hakuna la kuamua. Kugawa Acacia kulikuwa kazi nyingine kabisa, kwa kuwa kila spishi ilibidi iulizwe inakwenda upande upi.

Kuhusu wanaosema huwezi kunukuu kitu kinachobadilika: unaweza, kama walinzi wake wamefikiri. Ile ensaiklopidia ya Stanford huhifadhi nakala yake nzima mara nne kwa mwaka, na nakala hiyo haiguswi tena. Unanukuu toleo la msimu fulani, na miaka kumi baadaye msomaji anakuta maneno yaleyale uliyoyasoma. Kanzidata isiyo na nakala za hivyo, andika siku uliyoifungua. Ni mstari mmoja tu.

Na kuna la gharama, ambalo sitaki kulipita kimya ingawa si refu. Kufungua tovuti ya marejeo hupata fedha kirahisi: uzinduzi, picha, hotuba. Kuitunza mwaka wa nane hakuna anayekuja kupiga picha. Stanford walilitatua kwa kuzichangisha maktaba za vyuo za nchi nyingi ziweke mfuko wa kudumu, na faida yake ndiyo inayosaidia kulipa wahariri, ili makala zibaki bure kwa kila mtu. Sisi bado tunaishi mradi kwa mradi. Nimeona kanzidata nzuri ya mimea ya dawa ikizimika kwa sababu anwani yake haikulipiwa.

Mwisho kuna wale wenye bidii iliyopitiliza, wanaodhani kila kitu lazima kibadilishwe. Ile kazi ya miaka 60 iliigawa Tanzania Bara kwa herufi na namba, T1 mpaka T8, na Usambara ni T3. Mara kwa mara mtu hunishauri tuzitupe tuweke mikoa. Mikoa ipi? Manyara ilizaliwa 2002, Katavi, Njombe, Geita na Simiyu 2012, Songwe 2016. Rekodi ya 1958 iliyoandikwa T3 bado inaeleweka kuwa ni T3, bila mtu kuigusa.

Yule kijana tulikaa naye mchana mzima. Hakufuta jina lake. Aliandika Vachellia tortilis, akaongeza kwamba vitabu vingi na orodha aliyoitumia vinauita Acacia tortilis, akataja kanzidata aliyolithibitishia na siku aliyoifungua. Kisha tukaandika barua pepe kwa waliopandisha ile orodha, na jedwali la migunga yote 14 iliyomo: jina lao, jina la sasa, na mahali badiliko lilipochapishwa. Walijibu baada ya siku tisa, wakauliza kama tunaweza kuwafanyia na ukurasa unaofuata.