Kyuini: kirutubisho cha bakteria ambacho seli zetu hutegemea kutengeneza proteini

Bugali, maharagwe na sambaza za Ziwa Kivu hutupatia asidi amino, malighafi ya proteini. Lakini malighafi peke yake haitoshi. Ili seli ya binadamu isome sawasawa maagizo ya kutengeneza proteini, inahitaji pia kyuini, kwa kiasi kidogo sana, na kyuini hutengenezwa na bakteria tu. Mwili wa mtu, kama wa mbuzi au kuku, hauna njia ya kuitengeneza. Tunaipata kwa bakteria wa utumbo na kwa chakula: imeonekana katika nyanya, maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi, na maziwa ya mgando.

Maagizo hayo yako kwenye ARN mjumbe (mRNA kwa Kiingereza), yaani nakala ya jeni, na husomwa herufi tatu tatu; kila tatu huitwa kodoni. Ndani ya ribosomu, kiwanda cha proteini cha seli, ARN bebaji (tRNA) huleta asidi amino inayolingana na kodoni iliyofikiwa. Kati ya asidi amino 20, nne zinahusika na kyuini: tirosini, histidini, asparajini na asidi aspatiki. ARN zinazozibeba huwa na guanini (herufi G) kwenye nafasi ya 34, pale panapokutana na herufi ya mwisho ya kodoni. Kimeng'enya chenye sehemu mbili, QTRT1 na QTRT2, hung'oa guanini hiyo na kupachika kyuini bila kukata uzi wa ARN.

Tirosini ina kodoni mbili, UAC na UAU. Guanini huweza kusoma zote mbili, ila mwendo haulingani. Kyuini ikiwepo, tofauti hupungua. Hapo ndipo penye uzito. Proteini huanza kujikunja ingali inatoka kwenye ribosomu, hivyo mwendo ukivurugika hujikunja vibaya, zile mbovu hurundikana, na seli huingia katika hali ya dharura. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilionyesha hilo katika seli za binadamu na katika panya.

Panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja, wakalishwa chakula kisicho na kyuini, walibaki na afya mradi tu walipewa tirosini. Ilipoondolewa tirosini pia, walikufa. Kwa kawaida mwili hujitengenezea tirosini kutoka kwa fenilalanini, asidi amino nyingine. Bila kyuini, njia hiyo inayumba.

Kwa wanafunzi wa maabara: seramu ya ndama (majimaji ya damu yasiyo na seli) inayowekwa kwenye chakula cha seli ina kyuini ndani yake. Ukiitumia, kundi lako la «bila kyuini» limeharibika kabla hujaanza. Tumia seramu iliyochujwa molekuli ndogo, au seramu ya farasi.

Nyumbani hakuna haja ya kutafuta vidonge vya kyuini. Kula nyanya. Maziwa mabichi yachemshe kwanza, yaache yapoe hadi vuguvugu, kisha yagandishe kwa chachu safi. Na tunasisitiza kwa wanaonunua antibiotiki bila karatasi ya daktari, hapa Kadutu, Bukavu, na kwingineko: amoksisilini haiui virusi vya mafua, bali inaua bakteria, wakiwemo wa utumboni wanaotufaa. Ukiandikiwa na daktari, imeze kwa kipimo na siku alizosema, wala usiweke akiba kwa ajili ya mtoto.