Kabla ya kubandua rangi, jua kijisanamu chako ni cha plastiki gani

Wengi wanaotaka kupaka upya vijisanamu vyao huanza kwa kuuliza dawa gani inatoa rangi ya zamani. Swali la kwanza liwe jingine: kijisanamu chenyewe ni cha plastiki gani? Dawa inayosafisha kimoja vizuri hukigeuza kingine kuwa ulimbo.

Vijisanamu vinavyouzwa vikiwa tayari vimepakwa rangi kiwandani, kama vile HeroClix, vya mchezo wa mezani, vilivyoanza kuuzwa mwaka 2002, au wanyama wa kuchezea wa Schleich ya Ujerumani, kwa kawaida ni vya PVC laini. Pinda upanga au mkia kwa kidole, utaona unarudi taratibu. Vile vinavyouzwa vipande vipande uviunge mwenyewe, kama vya kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, vingi ni vya polistireni: vigumu, na ukipinda kipande chembamba kinaacha mstari mweupe kisha kinakatika. Hivi havipakwi rangi kiwandani, lakini ukivinunua mitumba utavikuta na rangi ya mwenyewe wa zamani, mara nyingi akriliki, yaani rangi inayochanganywa na maji.

Ukiwa na shaka, pima kwa maji ya chumvi. Koroga gramu 100 za chumvi katika mililita 400 za maji mpaka iyeyuke yote. Maji hayo yanakuwa na msongamano wa karibu gramu 1.15 kwa mililita. Polistireni na ABS, plastiki nyingine ngumu, ziko kwenye 1.05 hivi, kwa hiyo zinaelea. PVC kwa kawaida inavuka 1.2, kwa hiyo inazama. Toa kitako kwanza, maana vingine vina chuma ndani, na ukitumbukiza kijisanamu kigongegonge mapovu yatoke. Povu moja lililonasa chini ya joho linatosha kuinyanyua PVC ukadanganyika. Usipime kwa kiberiti: PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, nayo inachoma macho na mapafu.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa sababu ya kinachoilainisha PVC. Ndani yake mmechanganywa vilainishi, vitu vya mafutamafuta ambavyo havikufungamana na plastiki yenyewe. Spiriti na thina huvivuta vitoke nje. Ukiloweka kwa muda mrefu, kwanza uso unanata kama umepakwa asali, na baadaye sehemu nyembamba zinakuwa ngumu na kukatika. Isitoshe, rangi ya kiwandani ya PVC mara nyingi hutengenezwa ing'ate plastiki kabisa, kwa hiyo haitoki kama ganda bali inatoka kidogokidogo, na mahali pengine haitoki hata kidogo.

Ndiyo maana msimamo wangu kuhusu PVC ni huu: mara nyingi usibandue. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kausha, paka juu yake. Rangi ya kiwandani ikishika vizuri, ni msingi mzuri kuliko plastiki tupu. Kubandua kuna maana pale tu rangi ilipopakwa nene ikafukia macho, vidole au mikunjo ya nguo.

Hapo tumia alkoholi ya isopropili, ile ya asilimia 99 ukiipata, au ya asilimia 70 ya duka la dawa ambayo inafanya kazi polepole zaidi. Chovya pamba ya masikio, sugua chini ya kisigino kwa sekunde 30, kisha subiri ikauke. Pamba ikichukua rangi na plastiki isinate, endelea. Plastiki ikinata, acha hapo hapo. Safisha sehemu kwa sehemu kwa pamba. Ukilazimika kutumbukiza, isizidi dakika 10, halafu mswaki laini, maji ya sabuni, na saa 24 za kukauka. Macho na alama za nguo huwa zimechapwa kwa muhuri wa mpira, tabaka jembamba sana, na ndizo zinazoondoka kwanza. Kama unataka uso ubaki, usiuguse.

Polistireni ni habari nyingine, na hapa Dettol ile ya kahawia, isiyochanganywa na maji, inafanya kazi nzuri sana. Panga vijisanamu kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, mimina mpaka vizame, acha saa 24. Viungo vya gundi ya plastiki vitabaki, kwa sababu gundi hiyo imeyeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja. Vilivyoungwa kwa supa gluu vinaweza kuachia.

Kosa linaloharibu kazi linatokea wakati wa kuvitoa. Mtu anakimbilia bomba. Maji yakigusa rangi iliyolainika ndani ya Dettol, mchanganyiko unageuka mweupe kama maziwa na rangi inakuwa utomvu unaong'ang'ania kwenye mswaki, kwenye glavu na ndani ya kila kona ya kijisanamu. Kwa hiyo sugua kikiwa bado na Dettol: vaa glavu, weka bakuli dogo lenye Dettol safi pembeni, chovya mswaki humo, piga kwa mviringo mdogo. Rangi inatoka kama tope. Kwenye mashimo ya mnyororo na chini ya kwapa tumia kijiti cha meno cha mbao. Sindano inachora plastiki. Ukimaliza, suuza ndani ya Dettol safi, kisha paka sabuni ya vyombo bila maji, sugua tena, ndipo ufungue bomba. Kama utomvu umeshajitengeneza, kirudishe kwenye Dettol kwa saa moja uanze upya.

Asetoni, pamoja na rimuva ya kucha yenye asetoni, huyeyusha polistireni na ABS na kuivimbisha PVC. Thina na petroli nazo ziache. Mafuta ya breki yanatoa rangi sugu kwenye polistireni, lakini yanadhuru ngozi na ni kazi kuyaosha, sioni sababu ya kuyatumia. Jik haitoi rangi. Inachoweza kuondoa ni ule mng'ao wa kromu kwenye plastiki. Usiichanganye kamwe na spiriti, kwa kuwa hutengeneza kemikali za sumu. Sehemu angavu, kama kioo cha helmeti au mabawa yanayopitisha mwanga, usiziweke kwenye alkoholi: zinaweza kuota nyufa nyembamba kama nywele.

Mvuke wa isopropili unashika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba, kwa hiyo fanya kazi dirisha likiwa wazi na jiko liko mbali. Dettol iliyotumika ichuje kwa kitambaa uitumie tena. Usiimwage kwenye mtaro, kwani kloroksilenoli iliyomo ni sumu kali kwa samaki, na ni hatari kwa paka pia, basi funika chupa.

Usihangaike mpaka plastiki iwe nyeupe. Doa lililobaki halidhuru. Kinachodhuru ni unene. Pitisha ukucha: kama hausikii ukingo wa rangi, umemaliza. Upanga uliopinda wa PVC uzamishe kwenye maji ya moto yaliyotoka kuchemka kwa sekunde 20 hivi, unyooshe, kisha uutie mara moja kwenye maji baridi.

Kuhusu praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia nyingine: PVC laini usiipulizie praima ya kopo kabla ya kujaribu. Baadhi ya praima za kopo huchanganyika na vile vilainishi na kubaki ikinata kwa miezi. Paka praima ya akriliki kwa brashi, tabaka mbili nyembamba, na ubonyeze chini ya kitako kwa kidole baada ya siku moja. Alama ya kidole ikibaki, osha mapema kabla hujaweka rangi juu.