Sungura hakuumbwa awe mfano mwema

Muulize mzazi yeyote hurafa, zile hadithi za wanyama wanaosema na kutenda kama watu, ni nini, atakwambia ni hadithi za kuwalaza watoto. Hiyo ndiyo dhana potofu ya kwanza, na imetupotezea mengi. Panchatantra, mkusanyo mashuhuri wa hurafa za India, wenyewe unajieleza kuwa ulitungwa kuwafunza wana wa mfalme namna ya kutawala. Karne ya 6 ulifasiriwa kwa Kiajemi, karne ya 8 Ibn al-Muqaffa' akautia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna, na visa vyake vikavuka bahari hadi pwani yetu. Ni mambo ya watu wazima: rafiki yupi wa kuaminiwa, mshauri gani ana njama.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba kila hurafa ina funzo moja, nalo hukaa mwishoni. Shuleni huulizwa, "Hadithi hii inatufunza nini?" na jibu la mstari mmoja ndilo lenye maksi. Haya, chukua kisa cha kima na papa, kilichosimuliwa Zanzibar na kuchapishwa na mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870. Kima anamrushia papa matunda ya mkuyu, urafiki unakolea, papa anamwalika kwao. Katikati ya bahari anamwambia ukweli: sultani wao hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba wao wakitembea mioyo huiacha mtini, basi warudi wakauchukue.

Kwa masimulizi ya India, rafiki wa kima ni mamba, na anayeutaka moyo ni mke wa mamba huyo. Wasimulizi wetu wakamweka sultani, na kisa kikageuka: mtu afanye nini mkubwa wake anapotaka roho ya rafiki yake? Na papa, kwa nini aliropoka kabla hawajafika? Maswali hayo yanatosha mjadala wa darasa zima.

Kima akishapanda mtini, papa anamwita ashuke waende zao. Anakataa kwa kumsimulia kisa cha punda wa dobi. Sungura alimlaghai punda kwamba simba anataka kumposa. Alipofika simba akamrukia; punda akaponea chupuchupu akiwa na majeraha, akabembelezwa tena, akarudi, akauawa. Sungura akaula moyo na masikio. Simba alipouliza viko wapi, akajibiwa: huyu hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Sungura huyo ni mwongo na mwizi, kwa hiyo wanaomfanya kielelezo cha maadili wanakosea. Tunamshangilia kwa kuwa ni mdogo mbele ya simba, lakini kumshangilia si kumwiga.

Wapo pia wanaodhani hurafa zinaeleza tabia halisi za wanyama, na hapo anayeumia ni fisi: mlafi, mwoga, mla mizoga. Utafiti wa mtaalamu wa wanyama Hans Kruuk, ulioanza miaka ya 1960 Serengeti na Ngorongoro, ulionyesha kwamba fisi madoa huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliowapora fisi mawindo. Makundi ya fisi hao huongozwa na majike. Mtoto anayecheka kisa cha fisi mlafi aelezwe na haya pia, maana fisi wa kweli bado wanauawa kwa mitego na sumu.