Zabuni tatu za umeme mezani: naanza na vipimo

Mteja akiniletea zabuni tatu za kufunga umeme, huwa ananiuliza kwanza ipi ina bei nzuri. Mimi ni mkadiriaji wa kazi za umeme hapa Dar es Salaam, na jumla ya mwisho huwa naitazama baada ya kila kitu kingine. Naanza na vipimo: mita ngapi za waya, pointi ngapi za taa na soketi, kebo ya ukubwa gani. Zabuni ikiwa chini sana kuliko wenzake, mara nyingi kuna kitu hakikupimwa, na mteja atakuja kukilipia katikati ya ujenzi kwa jina la "kazi ya ziada".

Kwa hiyo kabla sijafungua hata zabuni moja, nachukua mchoro napima mwenyewe. Sipimi nyumba nzima. Saketi moja yenye soketi nyingi inatosha kunionyesha nani alikaa chini akapiga hesabu.

Tuseme mabomba yanapita kwenye zege la juu, mita 3 kutoka sakafuni, na soketi iko sentimita 40 juu ya sakafu. Bomba linashuka mita 2.6. Katika saketi ya mzunguko, ile inayopita soketi zote na kurudi ilikoanzia, waya unaingia kwenye soketi na kutoka tena, maana yake unashuka na kupanda: mita 5.2. Nyaya ziko tatu, laivu, nyutro na ethi, basi soketi moja imekula mita 15.6 kabla waya haujasogea hata hatua moja kuelekea soketi inayofuata. Soketi 20 ni mita 312. Mchoro unaonyesha nyumba kama unavyoiona ukiwa juu ya paa, kwa hiyo mita hizo zote hazimo kwenye karatasi. Aliyeweka rula juu ya mchoro na kuandika alichokisoma ameziacha, na idadi ya rola kwenye zabuni yake inamtaja.

Hapo hapo kwenye rola kuna jambo lingine. Rola nyingi utakazozikuta Kariakoo ni za yadi 100, ambazo ni mita 91.44. Anayegawa mita zake kwa 100 anapungukiwa karibu mita 9 katika kila rola. Na kama bei ya waya imenishangaza kwa unafuu, naomba sampuli ya rola nzima naiweka kwenye mizani. Shaba peke yake katika yadi 100 za waya wa milimita za mraba 2.5 ni takriban kilo 2, bado plastiki haijahesabiwa. Rola ikishindwa kufika kilo 2 pamoja na plastiki yake, huo si waya wa 2.5 wa shaba, hata lebo iandike nini.

Kebo kuu, ile inayotoka kwenye mita ya umeme hadi kwenye DB (sanduku la kugawa umeme ndani ya nyumba), ndiyo sehemu ambayo zabuni hutofautiana kwa fedha nyingi bila mteja kuona. Fikiria mita iko kwenye nguzo getini, nyumba iko mita 60 ndani, na mzigo ni ampea 40. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 6 inaubeba mkondo huo bila kuungua, ndiyo maana wengine huiandika kwa roho safi kabisa. Ila hupoteza milivolti 7.3 kwa kila ampea kwa kila mita, jumla volti 17.5, karibu asilimia 7.6 ya volti 230. Kanuni za Uingereza za BS 7671, ambazo wengi wetu tunazitumia, zinapendekeza upotevu usizidi asilimia 5 hadi kwenye kifaa cha mwisho, na 3 kwa taa. Kebo ya 10 inakuacha kwenye asilimia 4.6, na saketi za ndani hujazigusa. Ya 16 inashuka hadi 2.9. Mkandarasi aliyeandika 16 anaonekana ghali mbele ya aliyeandika 6, na inaniuma kuona yeye ndiye anayekosa kazi kwa sababu amepiga hesabu sawasawa.

Upande wa ufundi, wengi hutoza kwa pointi. Naomba kila mmoja aandike pointi ni nini kwake. Taa ya ngazi yenye swichi chini na juu, ni pointi moja au tatu? Kutoboa ukuta na kuziba kumo? Bila majibu hayo huwezi kulinganisha bei mbili za pointi. Nauliza pia kuhusu VAT ya asilimia 18, maana si ajabu zabuni moja iwe nayo na nyingine isiwe nayo.

Mstari wa kupima na kukabidhi nausoma kwa makini. Ukikuta pameandikwa "imo" bila bei, muulize atapima nini: ukinzani wa plastiki inayofunika nyaya kwa mega (kifaa cha kuipima) ya volti 500, ethi, mpangilio wa soketi. Anayejua kazi atakujibu papo hapo na kukutajia namba ya leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, bila kuombwa.

Hesabu zenyewe nazirudia zote. Bei ya kizio (bei ya kitu kimoja) mara idadi isipolingana na jumla ya mstari, utaratibu wa kawaida wa zabuni ni kuishika bei ya kizio na kusahihisha jumla, isipokuwa pale nukta ya desimali ilipokosewa waziwazi.

Zabuni tatu zikikaribiana, sichukui hilo kama ushahidi kwamba ziko sahihi. Wote watatu wanaweza kuwa wamejaza bei kwenye BOQ (orodha ya kazi na idadi zake) ileile yenye vipimo pungufu. Ndiyo maana maswali yangu nayapeleka kwa wote kwa maandishi, siku moja, maneno yaleyale, na majibu yao nayaambatanisha kwenye mkataba pamoja na tarehe ambayo bei za shaba zitaacha kuwafunga.