Uzi wa msuli haugawanyiki

Wengi huamini kwamba mtu akibeba vyuma, seli za misuli yake hugawanyika na kuongezeka idadi. Sivyo. Uzi wa msuli uliokomaa, yaani seli moja ndefu ya msuli yenye mamia ya viini ndani yake, umekwisha kuacha kazi ya kujigawa. Unachofanya ni kunenepa, kwa kujiongezea protini zinazoufanya ukaze.

Zinazogawanyika ni seli nyingine ndogo, seli satelaiti, ambazo mwanasayansi Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961 katika misuli ya chura. Hulala ubavuni mwa uzi, zikitambulika kwa protini Pax7. Msuli ukijeruhiwa huamka na kuzaliana, kisha protini MyoD huziandaa kuwa msuli. Hapo ndipo penye uamuzi mzito: protini nyingine, mayojenini, ikishika zamu, protini ya kuzuia iitwayo p21 husimamisha mgawanyiko, na seli huungana na uzi. Baadhi hurudi kulala, zikawa akiba.

Uwezo wa MyoD unastaajabisha kweli. Mwaka 1987 kundi la mtafiti Harold Weintraub, mjini Seattle, Marekani, liliingiza jeni ya MyoD katika seli za tishu unganishi za panya, zikageuka kuwa za msuli. Jeni za msuli zilikuwamo humo tangu awali, zimezimwa tu.