Kwa nini chuo kikuu kikupe somo bure?

Swali hili tunaulizwa kila tunapofungua usajili: chuo kinachotoza ada kinapata nini kikigawa masomo yake bure mtandaoni?

Tuanze na hesabu. Gharama kubwa ya kozi iko kwenye maandalizi, yaani kuandika somo, kurekodi video na kutunga maswali. Ikishakamilika, mwanafunzi wa elfu kumi huongeza gharama ndogo sana. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kuwa kitaweka wazi mtandaoni maandishi ya takriban kozi zake zote, na kufikia 2007 kozi zipatazo 1,800 zilikuwa tayari.

Chuo pia hupata watu ambao kisingewafikia. Mwaka 2012 MIT ilifundisha mtandaoni kozi ya saketi za umeme. Walijiandikisha watu wapatao 155,000, wakafaulu kama 7,000. Mvulana wa miaka 15 kutoka Mongolia alipata alama zote, na baadaye MIT ikampokea. Wapo wanaoziita takwimu hizo aibu kwa sababu walioishia njiani ni wengi. Mimi sikubaliani nao: mhadhiri anayefaulisha wanafunzi 100 kwa mwaka angehitaji miaka 70 kufikisha idadi hiyo.

Faida ninayoithamini zaidi haionekani kwa nje. Niliwahi kukaa na mhadhiri tukiangalia grafu ya watazamaji wa video yake. Kwenye dakika ya nne mstari ulipanda ghafla, maana mamia walikuwa wakirudisha nyuma sehemu ileile. Tukaisikiliza: alikuwa ameruka hatua moja ya hesabu. Alirekodi upya, na wanafunzi wake wa darasani nao wakapata maelezo bora. Darasani, nani angenyoosha mkono kumwambia?

Pesa nazo zimo, na ni haki yako kujua. Mara nyingi kilicho bure ni kutazama na kusoma. Kusahihishiwa mtihani na kupewa cheti hulipiwa, na baadhi ya kozi hufungwa baada ya wiki kadhaa usipolipa. Wengine huvutiwa na kozi ya bure, kisha wakajiunga na shahada ya kulipia.

Kwa hiyo soma masharti kabla ya kujisajili. Ukitaka ujuzi tu, cheti unaweza kukiacha. Ukikihitaji kwa ajili ya kazi, muulize kwanza mwajiri kama anakitambua, ndipo ulipe.