Je, wajua kwa nini kisanamu cha sentimita tatu huchorewa kivuli ilhali kina kivuli chake?

Chukua kisanamu cha askari chenye urefu wa sentimita tatu, cha plastiki au resini, kama vile wanavyovikusanya wapenzi wa michezo ya vita ya mezani. Kipake koti jekundu, suruali nyeusi, uso rangi ya ngozi, upanga rangi ya fedha. Usivuke mpaka wa rangi hata mara moja. Ukimaliza utakuwa na kitu nadhifu kisicho na uhai, kinachofanana na wale askari wa madini ya risasi ambao kampuni ya William Britain ya London ilianza kuwatengeneza mwaka 1893, wakipakwa rangi mojamoja inayong'aa kwa ajili ya watoto. Sasa weka kando yake kisanamu hichohicho kilichopita mikononi mwa mshindani wa Golden Demon, shindano la kupaka rangi visanamu lililoanzishwa na kampuni ya Games Workshop ya Uingereza mwaka 1987. Koti ni jekundu vilevile, lakini ndani ya mikunjo limezama kwenye zambarau nzito, na mabegani limepanda hadi rangi ya chungwa. Chini ya kidevu kuna giza, na giza hilo limepakwa kwa brashi.

Kisanamu si picha ya ukutani. Kina pua iliyochomoza, kina upande wa juu na wa chini, na ukiwasha taa kivuli kinakuja chenyewe bila kuitwa. Kwa nini basi mtu amalize wiki nzima akichora kitu ambacho taa ingempa bure?

Anza na hesabu ya umbali. Mtu wa mita 1.75 ni mkubwa karibu mara 58 kuliko kisanamu cha sentimita tatu. Ukikishika sentimita 30 kutoka machoni, jicho linapata picha sawa na ya mtu aliyesimama mita 17 hivi mbele yako. Kwa umbali huo huoni kope wala mshono wa mfuko; unaona mabaka makubwa ya mwanga na giza, na kwa mabaka hayo unajua kama mtu amekupa uso au mgongo, kama amevaa kitambaa kizito au chepesi. Tatizo ni kwamba visanamu hutazamwa ndani ya nyumba, ambako mwanga hutoka darini, dirishani, kisha ukagonga kuta nyeupe na kurudi. Mwanga wa kila upande namna hiyo hauachi vivuli vya maana. Mkunjo wenye kina cha nusu milimita unaishia kuwa na rangi karibu sawa na ya jirani yake. Wachongaji wanalijua hilo, ndiyo maana visanamu vingi vina viganja vikubwa na mikunjo iliyotiwa chumvi, lakini bado haitoshi.

Sababu nyingine unaweza kuiona kwenye mwili wa swala tomi: mgongo wa kahawia, tumbo jeupe. Mwaka 1896 mchoraji Mmarekani Abbott Handerson Thayer alieleza faida ya mpangilio huo. Jua likiwa juu, mgongo hupata mwanga na tumbo hubaki kivulini. Mgongo ukiwa na rangi nzito na tumbo likiwa jeupe, rangi na mwanga hufutana, mnyama akaonekana bapa, na mwindaji anayetafuta umbo la mviringo majanini asilione. (Thayer baadaye alipitiliza hadi kudai kwamba heroe wana rangi ya waridi ili wajifiche kwenye anga la machweo. Theodore Roosevelt, ambaye mwaka 1909 alikuja kuwinda Afrika Mashariki na kuwaona wanyama kwa macho yake, alimpinga vikali.) Mchoraji wa visanamu humgeuza swala juu chini. Juu huweka rangi nyepesi, chini nzito, ili mwanga usifutwe bali uzidishwe. Ubongo husoma umbo kwa kupitia kivuli, na hauulizi sana kama kivuli hicho kimeletwa na taa au na brashi.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria rangi, mchoraji huamua jua lake liko wapi. Chaguo la wengi ni jua la utosini, lile la saa sita mchana. Kisanamu kizima hupulizwa praima (rangi ya msingi) nyeusi, kisha nyeupe au kijivu hupulizwa kutoka juu tu. Kila mahali chembe nyeupe zilipotua, ndipo jua lingefika: utosini, ncha ya pua, mashavu, mabega, sehemu ya juu ya mapaja. Makwapani na chini ya mkanda panabaki peusi. Wengi hukipiga picha kwa simu hatua hiyo na kuihifadhi kama ramani, kwa sababu baada ya saa kumi za kupaka rangi ni rahisi kusahau mwanga ulitoka wapi na kujikuta bega moja lina jua la asubuhi na jingine la jioni.

Kinachowaangusha wengi baada ya hapo ni woga. Mtu hutia giza kidogo, akaona limezidi, akalifuta. Kwenye meza ya kazi, chini ya taa kali na kioo cha kukuzia, tofauti ndogo inaonekana kubwa. Ukirudi hatua mbili nyuma imetoweka. Kuna kipimo kisicho na gharama: piga picha, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Kama koti, uso na suruali vyote vimetoka kijivu kimoja, kazi haijafika popote hata kama rangi zake ni nzuri. Nao weusi na weupe wenyewe ni wasaidizi wabaya. Ukitia nyeusi kwenye nyekundu unapata kitu kama masizi, ukitia nyeupe unapata waridi. Nyekundu hushushwa kwa zambarau au kahawia nzito, hupandishwa kwa chungwa, na weupe huachiwa nukta chache za mwisho kabisa.

Kutoka giza hadi mwanga lazima kuwe na mteremko laini, na hapa ndipo muda unapoishia. Rangi ya mafuta hukaa mbichi kwa saa nyingi, hata siku, kwa hiyo unaweza kuvuta rangi moja iingie kwenye nyingine. Wapo wanaochora nyuso kwa rangi za mafuta mpaka leo. Akriliki, rangi ya maji inayotumiwa na wengi, hukauka kwa dakika chache. Njia iliyobaki ni matabaka: rangi huongezwa maji hadi iwe nyepesi kiasi kwamba tabaka moja halibadilishi karibu chochote, kisha hupakwa tena na tena, kila tabaka likifunika eneo dogo kuliko lililotangulia. Mabadiliko ya bega moja yanaweza kuchukua matabaka ishirini.

Rangi nyepesi ina tabia zake. Tone likiachwa likauke, kingo zake hupoteza maji kwa kasi, maji ya katikati hukimbilia pembeni yakibeba chembe za rangi, na unabaki na duara lenye mpaka mkali. Ni jambo lilelile linaloacha alama ya kahawa mezani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliieleza fizikia yake katika jarida la Nature mwaka 1997. Ndiyo sababu mchoraji mzoefu, baada ya kuchovya, hugusisha brashi kwenye kitambaa kabla haijafika kwenye kisanamu: anataka unyevu, hataki dimbwi. Tena brashi huacha rangi nyingi zaidi pale inaponyanyuliwa. Anayeongeza mwanga huanza mstari upande wa giza na kuumalizia kwenye mwanga. Anayeongeza kivuli huenda kinyume. Ukimwangalia fundi akifanya kazi bila kujua siri hii, utadhani mkono wake unapapasa tu.

Na ili rangi isikauke kwenye kibao cha kuchanganyia kabla haijatumika, huwekwa juu ya karatasi ya kuokea iliyolazwa kwenye sponji lenye maji. Sanduku lenye mfuniko, sponji na karatasi vinatosha.

Kuhusu brashi, wanaoanza hununua ile nyembamba kuliko zote, wakidhani kitu kidogo kinataka brashi ndogo. Brashi ya nywele tano haina tumbo la kubebea rangi. Rangi inakauka njiani kabla ya kufika jichoni mwa kisanamu. Wazoefu hutumia namba 1 au hata 2, mradi ncha yake ni kali. Zinazosifiwa zaidi huitwa Kolinsky, za nywele za mkia wa kicheche wa Siberia, ambazo huvimba katikati na kuchongoka mwishoni. Bei yake haifurahishi.

Sehemu ninayoiona ya ajabu kuliko zote ni upanga. Rangi ya fedha ya dukani ina chembe za madini ya mika au za alumini zinazorudisha mwanga wa chumba. Chuma halisi hakina rangi yake ya kusema. Kinaonyesha kilichokizunguka, anga juu na ardhi chini. Upanga wa kisanamu unaonyesha dari yako na taa yako, si anga la uwanja wa vita. Kwa hiyo baadhi ya wachoraji huacha kabisa rangi zenye mng'ao, wakachora chuma kwa rangi za kawaida zisizong'aa: samawati nyepesi ya anga upande wa juu, mstari wa giza pale upeo wa macho unapokutana na ardhi, kahawia kidogo chini yake, na weupe mtupu kwenye ukingo. Kwenye picha matokeo yake hushangaza. Ukikizungusha kisanamu mkononi, hila inafichuka: mng'ao uliochorwa hausogei. Wengine kwa sababu hiyo hubaki na rangi ya metali na kuitia vivuli kwa matabaka mepesi. Kwa kisanamu kitakachokaa kwenye kabati la kioo na kutazamwa kutoka mbele, mimi naona hila ya kwanza inashinda. Kwa kile kitakachoshikwashikwa mezani, ya pili ina ukweli zaidi.

Ngozi nayo haina rangi moja. Kwa mtu mweupe wachoraji hufuata kanuni ya zamani ya studio: paji la uso huelekea manjano, mashavu, pua na masikio huelekea nyekundu kwa sababu ya damu iliyo karibu na ngozi, na kidevu cha mwanamume huelekea samawati au kijani kwa ajili ya ndevu zilizonyolewa. Ngozi nyeusi inataka mantiki nyingine, na wengi huiharibu kwa njia moja: wanachukua kahawia na kuipandisha kwa nyeupe. Matokeo kila mtu wa huku anayajua bila kufundishwa. Uso umepauka, kama wa mtu aliyetoka kuoga akasahau mafuta. Ngozi nyeusi yenye afya inang'aa, kwa hiyo mwanga wake ni madoa madogo yenye nguvu kwenye paji, mifupa ya mashavu na ncha ya pua, mara nyingi yenye ubaridi wa samawati kwa sababu ni anga linaloakisiwa, huku kati ikibaki kahawia yenye joto la chungwa au nyekundu, na vivuli vikishuka hadi zambarau.

Macho hufuata, na hayana weupe wa theluji. Huanza na nyeusi yote, kisha rangi ya maziwa iliyochafuliwa kidogo, ukibaki uzi wa giza kuzunguka. Mboni hushuka kutoka ukope wa juu hadi wa chini. Ikielea katikati, askari anaonekana ameona jini.

Kisha kila kitu hufunikwa kwa vanishi isiyong'aa. Hoja hii ya kukwepa mng'ao ni ya zamani kuliko visanamu vya mezani. Huko Seville, Uhispania, mchongaji Juan Martínez Montañés alichonga sanamu za mbao na mchoraji Francisco Pacheco akazipaka rangi, ikiwemo ile ya Cristo de la Clemencia iliyochongwa kati ya 1603 na 1606 na ambayo bado iko katika kanisa kuu la mji huo. Pacheco alikuwa mtetezi wa ngozi isiyong'aa, wakati mafundi wengi walikuwa wakiisugua sanamu mpaka ikametameta. Mng'ao wa kweli hufuata taa ya chumba. Ukianguka mahali mchoraji alipoweka kivuli, mianga miwili inagombana na jicho linaacha kuamini. Vanishi yenye mng'ao hurudishwa mahali penye umaji tu: tone moja kwa kila jicho, na mguso kwenye mdomo wa chini.